Mpira Uliotoka kwa Upana wa Kiganja

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Qurayyat, pwani ya Oman. Cyprian Ndunguru anaingiza ndoano ya chuma chini ya bonge la barafu, analivuta, analigeuza kwa goti, kisha analipandisha begani. Bonge lina kilo ishirini na tano. Anapiga hatua tisa hadi kwenye mashine ya kusagia, analitupa ndani, anarudi. Hilo ni la themanini na mbili tangu alipoingia zamu.

Nje, pikapu za wachuuzi wa samaki zimejipanga na madereva wanapiga honi, kana kwamba kelele hugandisha maji.

"Ya Khamsa-khamsa!" mmoja anaita dirishani, kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Leo unapiga ndani au nje?"

"Nje," Cyprian anajibu bila kugeuka. "Lete kichwa chako nikilenge."

Madereva wanaangua kicheko. Hakuna dereva wa samaki katika mji huu asiyemjua mbeba barafu huyu wa Kitanzania, na hakuna anayemwita kwa jina lake. Khamsa-khamsa, yaani tano kwa tano: mipira mitano ndani ya uwanja, mitano ukutani.

Zamu inapoisha hapandi kitandani. Anavua buti za mpira, anachukua gunia lenye mipira mitatu ya wavu, na kuvuka barabara hadi uwanja wa klabu ya mji, uliozungukwa na ukuta pande tatu na kuachwa wazi upande wa bahari. Ana saa mbili tu. Baadaye upepo utaanza, na upepo ndio uliomfikisha hapa alipo.

Cyprian, mwenye umri wa miaka thelathini, ni mshambuliaji wa timu ya Qurayyat inayocheza ligi ya daraja la pili. Msimu uliomalizika mwezi uliopita, Februari 2004, hakuna mchezaji wa daraja hilo aliyefunga pointi nyingi kuliko yeye. Hakuna pia aliyepoteza nyingi kuliko yeye. Kuna klabu moja kubwa ya Muscat iliyotaka kujua mtu wa namna hiyo anaweza kuishi daraja la kwanza au hawezi. Ilimchukua kwa majaribio ya wiki nne. Jibu ililolipata limemweka mahali pabaya kuliko pale alipoanzia.

Alijifunza mchezo huu akiwa mwanafunzi katika shule ya misheni nje kidogo ya mji wa Mbinga, mkoani Ruvuma. Wavu wao ulikuwa kamba ya katani iliyofungwa kati ya nguzo mbili za mkaratusi. Siku hizo sheria ilikuwa nyingine: timu ilipata pointi pale tu ilipokuwa ndiyo iliyoanzisha mpira. Ukipiga nje kwenye zamu yako, unapoteza zamu, basi. Hakuna pointi inayohesabiwa dhidi yako.

"Padri alikuwa anatuambia pigeni, pigeni, mkikosa tutaupata tena," Cyprian anakumbuka. "Sasa sheria imebadilika. Ukikosa leo, umemfungia mwenzako. Lakini mkono wangu ulisomeshwa na padri yule."

Alifika Oman mwaka 2000 kufanya kazi katika kiwanda cha barafu, kwa mshahara ambao leo ni rial themanini na tano kwa mwezi. Mkewe, Dativa, alimfuata mwaka mmoja baadaye na kupata kazi za ndani katika nyumba moja huko Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa Muscat. Binti yao, Stefania, alibaki kwa bibi yake Mbinga. Alikuwa na miaka mitatu. Sasa ana sita.

Watu nyumbani hudhani mume na mke waliopata kazi nchi moja ya ughaibuni wameukata. Dativa hupewa Ijumaa moja kwa mwezi, na lazima awe amerudi kabla ya magharibi. Kutoka Madinat Sultan Qaboos hadi Qurayyat ni zaidi ya saa moja na nusu kwa teksi ya kuchangia, kupitia njia ya milimani. Ijumaa nyingine wageni wa mwajiri huja, na ruhusa hufutwa. Kwa miaka mitatu, Dativa amehesabu siku walizoonana: thelathini na moja. Usiku waliolala chini ya paa moja ni sifuri.

"Watu wa nyumbani wakipiga simu wanasema, nyie mnafaidi," anasema Dativa. "Mimi nawajibu ndiyo, tunafaidi. Utawaeleza nini?"

Kibali cha Cyprian ni cha kibarua wa kiwandani, na hakimruhusu kuishi na familia. Mchezaji aliyesajiliwa daraja la kwanza hupewa kibali kingine. Mkataba ambao klabu ya Muscat iliuweka mezani ulikuwa wa msimu mmoja, na ndani yake mlikuwa na fleti ya vyumba viwili huko Azaiba pamoja na ruhusa ya kuishi na mke na mtoto.

Kwa hiyo mtu akikuambia huu ni mchezo tu, mwambie akahesabu zile siku thelathini na moja.

Aliyempeleka Cyprian uwanjani kwa mara ya kwanza ni kocha wa Qurayyat, Mzee Mahfoudh, mwalimu mstaafu wa michezo. Alizaliwa Malindi, Unguja, akaja Oman na wazee wake miaka ya sabini. Siku moja alikwenda kiwandani kununua barafu ya harusi akamwona kijana akirusha mabonge mashineni.

"Nnakwambia, nilisahau barafu," anasema Mzee Mahfoudh. "Nilimwuliza, yakhe, wewe ushawahi kucheza chochote na huo mkono? Akanambia mpira wa wavu. Nikamwambia, basi kesho alasiri njoo. Wanangu uwanjani wakamcheka mpaka alipopiga wa kwanza. Ulimpita mtu sikioni. Hakucheka tena yule."

Habari zake zilifika mjini kupitia Maan, kijana wa Muscat anayefanya kazi ya kuwachunguza wachezaji kwa niaba ya klabu ile kubwa. Maan alizaliwa Oman, lakini Kiswahili amekinyonya kwa mama yake. Alihudhuria mechi zote tisa za Qurayyat akiwa na daftari la kijani, akiandika kila mpira uliotoka mkononi mwa Cyprian.

Daftari hilo lina mipira mia tatu na kumi na miwili. Mia moja hamsini na sita ilikuwa pointi. Sitini na miwili iliokolewa. Tisini na minne ilitoka nje au iligonga wavu.

"Katika kila kumi, mitano anafunga, mitatu anampa mpinzani zawadi," anasema Maan. "Daraja la kwanza, mshambuliaji akizidisha mmoja na nusu, kocha anamtoa. Wallahi, mimi nampenda sana. Lakini namba hazina mapenzi."

Mzee Mahfoudh aliliomba lile daftari kwa usiku mmoja. Asubuhi alilirudisha likiwa na mstari wa penseli uliozigawa mechi mafungu mawili: tano zilizochezwa Qurayyat na nne zilizochezwa ugenini, kwenye kumbi zilizofunikwa.

Qurayyat, Cyprian alipiga mara mia moja na sabini akapoteza mipira ishirini na saba. Ukumbini alipiga mara mia moja arobaini na mbili, akapoteza sitini na saba.

"Huyu hana makosa, huyu ana upepo," Mzee Mahfoudh alimwambia Maan.

Maelezo yake ni haya. Mechi za Qurayyat huchezwa alasiri, wakati upepo wa bahari unaingia kwa ule upande usio na ukuta. Kwa desturi ya uwanja huo mwenyeji huchagua upande na kubaki nao mechi nzima, na wenyeji wote huchagua kuupokea upepo kifuani ili mpira wao uzuiwe usipae. Watoto wa pale hufundishwa tangu wadogo kulenga nje, hatua moja nyuma ya mstari, na kuuachia upepo uurudishe mpira ndani. Mgeni anauona mpira unakwenda nje, anaacha kuugusa, na mpira unadondoka mstarini. Ni ujanja ambao timu yote inauishi, na kwa miaka minne Cyprian ameujengea bega lake.

Ukumbini hakuna upepo. Kuna kiyoyozi. Ukilenga nje, mpira unakwenda nje.

Maan alicheka, kisha akaacha kucheka. Alirudi mjini na hesabu hizo, na klabu ikakubali majaribio ya wiki nne. Mwenye kiwanda cha barafu, ambaye ndiye kafili wa Cyprian, yaani mdhamini wa kibali chake, alitia saini barua ya kumwachia. Alisema pia jambo ambalo Cyprian hakulitilia maanani siku ile: barua hiyo ni ya mara moja, na mwezi wa nne ukiisha haina kazi. Hataandika nyingine.

Kila siku alasiri, baada ya zamu na usingizi wa saa nne, Cyprian alikwenda mjini kwa lori la samaki. Wenzake wapya walikuwa wakiziba pua anapoingia chumba cha kubadilishia nguo.

"Walinipa jina jipya, Jodari," anasema. "Nikawaambia, jodari ni samaki ghali. Niiteni hivyo hivyo."

Wiki ya kwanza alipoteza mipira minne katika kila kumi. Kocha wa klabu, mgeni mwenye mkataba mnono, alimpa agizo moja na kulirudia kwa vidole kama anayemfundisha mtoto: usipige, weka. Sukuma mpira juu ya mikono ya wanaozuia, uangushe nyuma yao, mambo yaishe.

Cyprian alitii. Wiki ya pili alipoteza mitatu. Ya tatu, miwili. Ya nne, mmoja na kidogo. Maan aliandika namba hizo kwa kalamu nyekundu na kocha akampigia makofi mbele ya wenzake.

Hakuna aliyesoma safu ya pili ya daftari. Pointi zake zilishuka kutoka tano katika kumi hadi tatu. Wale aliokuwa akiwatisha sasa walimsogelea wavuni bila wasiwasi, wakingojea mpira laini kama mtu anayepokea chai.

"Wamechukua mpigaji wangu wakamfanya mkaribishaji wageni," anasema Mzee Mahfoudh, na safari hii hacheki. "Mkono ule ulihitaji kufundishwa mstari ulipo. Wao wakaufundisha woga."

Maan halikubali hilo moja kwa moja, lakini halikatai pia. "Kocha anataka mtu asiyempa taabu," anasema. "Mpigaji kama Cyprian unamvumilia miezi sita, labda mwaka, ndipo unapata faida. Nani ana mwaka? Timu ikifungwa mechi tatu, anafukuzwa kocha."

Siku ya mwisho ya majaribio, Jumanne iliyopita, klabu ilicheza mechi ya kirafiki na timu nyingine ya daraja la kwanza. Cyprian aliingizwa seti ya tano, ile fupi ya pointi kumi na tano. Uongozi wote ulikuwa umekaa mbele. Mkataba ulikuwa umeshachapwa. Maan alikuwa ameuona.

Katika seti hiyo aliletewa mipira saba.

Sita aliiweka, kama alivyoagizwa. Yote sita iliokolewa, na minne kati yake iligeuka kuwa shambulio lililowafunga wao. Hakuna aliyemkemea. Kocha alipiga makofi. "Vizuri, vizuri," alisema kila mara, huku ubao wa pointi ukimsuta.

Walipofika kumi na tatu kwa kumi na nne, nyuma kwa pointi moja, mpira wa saba ulipandishwa juu, mrefu, mbali kidogo na wavu. Kocha alinyoosha kiganja hewani: weka. Cyprian anakiri kwamba alikiona kile kiganja.

Alipiga.

Waliokuwapo wanasema sauti yake ilikuwa ya mlango uliofungwa kwa hasira. Mpira ulipita juu ya vidole vya wazuiaji wawili warefu, mtu wa nyuma hakuwahi hata kuinua mkono, ukatua nyuma ya mstari kwa upana wa kiganja. Bendera ikapanda. Seti ikaisha. Mechi ikaisha.

Klabu haikumtupa. Hapo ndipo uchungu wa kisa hiki unapoanza. Usiku huohuo viongozi walikaa, na Maan akaja Qurayyat Jumatano na habari njema yenye sharti. Mkataba upo. Fleti ipo. Lakini kwa kuwa alimkaidi kocha mbele ya wote, lazima asimame mbele ya wote aombe radhi na kuahidi kwamba hatapiga tena bila kuambiwa. Muda wake ni mpaka Ijumaa, alasiri.

Leo ni hiyo Ijumaa, na kwa bahati ni siku ya Dativa.

Chumba cha wafanyakazi wa kiwanda kina vitanda sita. Wenzake watano huondoka kila Dativa anapokuja. Hakuna anayewaambia, hukunja mikeka yao tu na kwenda kukaa nje mpaka teksi yake irudi. Dativa ameketi ukingoni mwa kitanda na sinia la maharage mapajani, anachambua mawe. Simu ya Cyprian iko juu ya mto.

"Samahani ni neno jepesi, Baba Stefa," anasema. "Mimi nalisema mara arobaini kwa siku. Sahani ikigonga sahani, samahani. Mtoto wao akijikwaa mwenyewe, samahani. Sijafa."

"Basi samahani za familia nzima umeshazimaliza wewe."

Mikono ya Dativa inasimama. "Usinitumie mimi kuwa kisingizio. Mimi nazisema ili tufike mahali. Wewe unataka kubaki hapa na barafu yako ukiwa na haki."

Cyprian anamwomba mkewe msamaha kwa kauli hiyo, palepale, bila kuzunguka. Mtu huyu anajua kuomba radhi. Ni vizuri hilo liandikwe.

Kisha analieleza gazeti hili anachokikataa. "Niliweka mipira sita ikaokolewa. Tukafungwa. Hakuna aliyeniambia niombe radhi. Nimepiga mmoja, umetoka kiganja kimoja, naambiwa nisimame kama mwizi. Kama nitaomba, niombe kwa ile sita. Ile ndiyo niliyowadanganyia. Nilijua haifungi."

"Na Stefa nimwambie nini?" Dativa anauliza. "Mwaka huu alikuwa aanze shule hapa."

Cyprian analivuta gunia la mipira kutoka chini ya kitanda.

Jibu pekee alilonalo liko uwanjani, na ndilo linalompeleka huko kila asubuhi kabla upepo haujaamka. Tangu Jumatano amechora mstari wa chokaa upana wa kiganja ndani ya mstari halisi, na anapiga mipira mia moja kwa nguvu zake zote, katika hewa iliyotulia kama ya ukumbini. Siku ya kwanza thelathini na mmoja ilitoka. Jana ishirini na sita. Leo ishirini na miwili. Mzee Mahfoudh hukaa kwenye kiti cha plastiki akihesabu, na anaamini kufikia Septemba kijana wake atapiga vilevile, na mpira utakaa ndani.

Je, ataweza daraja la kwanza? Mzee Mahfoudh anasema ndiyo, bila kupepesa macho. Maan anasema ndiyo, akipata mtu wa kumvumilia. Lakini Septemba barua ya kafili itakuwa imekufa miezi mitano, na hakuna klabu nyingine iliyopiga simu.

Saa tisa na dakika kumi, simu inalia juu ya mto. Dativa anaisoma kwanza.

"Maan huyo," anasema, na kumpa mumewe.

Sauti ya Maan inasikika chumba kizima. "Cyprian, akhi, ndugu yangu, kocha yupo hapa, wachezaji wote wapo. Nimefungua spika. Sema neno moja tu. Khalas, kesho unasaini."

Cyprian anamwangalia Dativa. Dativa anayaangalia maharage.

"Nilipiga nje," anasema Cyprian. "Hilo liandike. Mkinitaka kesho nitakuja, nitapiga mipira mia mbele yenu, mia mbili, mhesabu."

"Ya akhi, hakuna aliyekuuliza hesabu. Omba radhi. Kama si kwa ajili yako, kwa ajili ya mkeo."

Jiwe dogo linadondoka kwenye sinia.

"Yuko hapa, ananisikia," anasema Cyprian. "Na mbele yake nakwambia: siombi."